Bushi za gari la kazini na la rali: Mpira, poli au chuma?

Arusha inapenda rali, lakini si kila dereva ana gari la pili. Gari linaloshuka asubuhi kutoka Akheri hadi Tengeru na kuingia barabara ya Arusha–Moshi, wakati mwingine ndilo hilo hilo linaloandaliwa kwa mbio za wikiendi. Hapo uchaguzi wa bushi unagusa usalama wa familia nzima.

Kazi ya bushi

Bushi hukaa pale wishiboni inapoungana na bodi. Inameza mtikisiko na kulishika tairi kwenye pembe yake. Ikichoka, tairi linahama ukikanyaga breki, gari linavuta upande na matairi yanalika vibaya.

Aina tatu

*Mpira:* Hauna kelele, haudai grisi na unajipinda kila upande. Adui zake ni umri na oili inayovuja.

*Poli (poliyurethani):* Ni ngumu zaidi, hivyo usukani unajibu haraka. Ila inazunguka kwenye bomba la chuma lililo katikati, kwa hiyo inahitaji grisi ya silikoni. Vumbi la udongo wa volkano wa Meru likiingia, inaanza kulia na kulika.

*Chuma chenye beringi:* Hakinesi kabisa. Kila shimo unalisikia kwenye bodi, na mchanga unakimaliza mapema. Hiki ni cha gari la mashindano tu.

Usibadilishe zote kwa mkupuo

Mbio za huku ni za vumbi na mashimo, si za lami laini, kwa hiyo ugumu kila mahali si faida. Chagua kwa sehemu:

- Stebilaiza: anza na poli hapa. Gharama ni ndogo na starehe haipungui sana.
- Bushi ya nyuma ya wishiboni ya chini, mbele: kwenye magari mengi hubeba nguvu kubwa ya breki. Poli inasaidia, ila mtikisiko utaongezeka.
- Mikono ya nyuma inayojipinda pande nyingi: acha mpira. Poli inabana, na mzigo unahamia kwenye mabano ya bodi, ambayo yanaweza kupasuka.

Kabla ya kununua, soma kanuni za daraja unaloshindana.

Kufunga

Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, juu ya shimo la gereji. Ukizikaza matairi yakining'inia, mpira unabaki umejikunja na utachanika mapema. Ukimaliza, piga alaimenti.

Kama hela ni ya kitu kimoja

Nunua mpira mpya wa kiwango cha kiwandani. Poli kwenye gari lenye shokapu na boljointi zilizochoka inaficha ugonjwa tu, na ugonjwa huo utajitokeza kwenye kona.