Watalii wa Makopo na Bahari ya Florida

Walioniuliza nimepotelea wapi, jibu ni hili: sijafa wala sijaolewa. Nilikuwa Florida, Marekani, kwa mjomba wangu anayeishi Tampa. Nimerudi na mafua pamoja na hadithi moja. Mafua nitayamaliza mwenyewe, hadithi naigawa.

Kila mwaka mwezi wa Januari mjomba hukodi gari la kulala ndani, lile kubwa lenye vitanda, jiko, choo na friji, akaliegesha kambini ufukweni mwa Ghuba ya Mexico kwa siku tatu nne. Mwaka huu nilikwenda naye. Kambi zenyewe msidhani ni za mahema porini. Kila gari lina kiwanja chake cha changarawe, nguzo ya kuchomekea umeme, bomba la maji, na tundu la kuunganishia mpira wa maji machafu. Unafika, unachomeka, unatoa viti nje, umeshahamia. Asubuhi kuna ubaridi kama wa Lushoto, mchana jua la kipupwe cha Dar. Kwa mtu aliyeacha theluji hadi magotini huko Michigan au Ontario, hiyo ni pepo. Wazee wa kaskazini wanaokaa hivi miezi mitatu minne huitwa "ndege wa theluji", kwa kuwa huhama na baridi kama ndege.

Jirani yetu alikuwa mmoja wao, mzee wa miaka themanini na kitu. Jioni ya kwanza alinionyesha kopo la supu lililochakaa, analitundika mbele ya gari lake. Akasema babu yake alikuja Florida na kopo kama hilo juu ya rejeta ya Ford. Nikacheka nikidhani ni utani wa wazee. Kumbe si utani. Mwandishi wa habari ukimwonyesha uzi lazima auvute, na mimi nimeuvuta hadi mwaka 1919.

Lakini tuanze nyuma kidogo. Mwisho wa karne ya 19, kukwepa baridi kwenda Florida ilikuwa anasa ya matajiri. Henry Flagler alijenga reli na hoteli pwani ya mashariki, na reli yake ikafika Miami mwaka 1896. Upande wa magharibi Henry Plant alifungua Tampa Bay Hotel mwaka 1891. Jengo hilo bado lipo, sasa ni la chuo kikuu. Mjomba alinipeleka kuliona nikashangaa: lina minara yenye mwezi mwandamo juu! Mtu wa Pwani ukiiona kwa mbali unasikilizia adhana. Hakuna msikiti pale, ni tajiri tu alipenda mapambo ya Kiarabu. Mgeni alifika kwa treni, akahudumiwa na wapagazi weusi, akakaa barazani akiangalia maji. Mkulima wa Ohio au fundi wa Detroit, hata kama shamba lake lilikuwa limeganda na hana kazi hadi Aprili, huko hakuwa na mahali.

Kilichovunja ukuta huo ni gari. Ford Model T ilitoka mwaka 1908 na bei yake ikawa inashuka mwaka hadi mwaka, hadi dola 260 mwaka 1925. Mwaka 1914 na 1915 Carl Fisher, mfanyabiashara aliyekuwa na viwanja vya kuuza Miami, alihimiza ujenzi wa Dixie Highway, mtandao wa barabara kutoka majimbo ya kaskazini hadi Miami. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, watu wakafunga turubai ubavuni mwa gari, wakapakia magodoro, jiko la mafuta na makopo ya vyakula, wakashuka kusini familia nzima. Hoteli hawakuzigusa. Walilala pembeni mwa barabara na kwenye mbuga za miji.

Mwaka 1919, katika De Soto Park mjini Tampa, baadhi yao waliunda chama wakakiita Tin Can Tourists, yaani Watalii wa Makopo. Wengine husema jina lilitokana na vyakula vyao, wengine husema ni zile Ford zenyewe, ambazo watu waliziita makopo. Nadhani lilikuwa tusi, wao wakalichukua wakalifanya cheo. Alama yao ilikuwa kopo la supu lililochomelewa juu ya kifuniko cha rejeta. Ukikutana barabarani na gari lenye kopo ujue huyo ni ndugu, akikwama unasimama. Walikuwa na neno la siri na namna yao ya kupeana mikono. Wakati wa kiangazi walikutana tena kwao Michigan, majira ya baridi wakarudi Florida.

Wenyeji wa Florida hawakujua wawapende au wawachukie. Wenye maduka madogo waliwapenda. Wenye hoteli walisema hawa watu wanakuja na shati moja na noti moja ya dola 20, na wanaondoka bila kubadilisha lolote kati ya hivyo viwili. Miji iliyokuwa imefungua kambi za bure ikaanza kutoza ada, na sababu haikuwa fedha tu. Ada ilikuwa chujio, ili wenye senti kidogo wabaki na wasio nazo kabisa waendelee na safari. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 Tampa ikawafungia Watalii wa Makopo De Soto Park, palepale chama kilipozaliwa. Ndiyo miaka ambayo ardhi ya Florida ilikuwa ikiuzwa kama maandazi ya moto, na nani alitaka mahema karibu na viwanja vya thamani? Kisha kimbunga cha Septemba 1926 kikaipiga Miami, biashara ya viwanja ikaanguka, na baadaye uchumi wa nchi nzima ukafuata. Ghafla noti ya dola 20 ya mtu wa kopo ikawa haidharauliki. Sarasota ikawakaribisha kwa heshima zote miaka ya 1930. Miji haina aibu!

Sasa nifike kwenye lililonikera. Jioni ya pili nilizunguka kambi nzima nikahesabu watu weusi. Tulikuwa wawili, mimi na mjomba. Nikamwambia. Akageuza samaki wake kwenye jiko la mkaa, akasema: "Mwanangu, usianze kuhesabu nchi hii, utachoka."

Lakini nilishaanza. Ile Dixie Highway, katika majimbo ya kusini, sehemu kubwa ilichimbwa na wafungwa, wengi wao weusi, wengine wamefungwa kwa makosa kama uzururaji, yaani kukutwa huna kazi. Waliotengeneza njia ya kwenda baharini hawakuruhusiwa kuoga baharini. Fukwe na mbuga za Florida zilitengwa kwa rangi, na kambi zile zilizojisifu kwamba ni za kila mtu zilikuwa za kila mzungu. Mweusi mwenye gari alisafiri na Green Book, kitabu alichoanza kuchapisha mwaka 1936 Victor Green, mtu wa posta wa New York, kikimwonyesha wapi atalala na kula bila kufukuzwa. Fikiria: mwenzako anachagua ufukwe kwa uzuri wa mchanga, wewe unachagua kwa kuogopa kupigwa.

Kwa hiyo wakajitafutia bahari yao. Mwaka 1935 kampuni ya bima ya watu weusi wa Jacksonville, iliyoongozwa na A. L. Lewis, ilinunua ardhi kisiwa cha Amelia na kuanzisha American Beach. Miami, tarehe 9 Mei 1945, kikundi cha weusi kiliingia majini Haulover Beach, ufukwe wa wazungu, kikisubiri kukamatwa ili kesi ifike mahakamani. Hawakukamatwa. Wakubwa wa kaunti, badala ya kufungua fukwe, waliwapa ya kwao, Virginia Key, ikafunguliwa Agosti 1 mwaka huohuo. Ilikuwa na vibanda vya kukodi, na miaka ya mwanzo huwezi kufika isipokuwa kwa boti. Fort Lauderdale walianza kuingia majini kwa nguvu Julai 1961, wakiongozwa na Eula Johnson na Dk. Von Mizell. Sheria ya haki za kiraia ikaja 1964. Hesabu wenyewe: tangu kopo la kwanza kupachikwa kwenye rejeta, miaka 45.

Nilipomsimulia jirani yetu mzee, alinyamaza, kisha akasema babu yake hakuwahi kulitaja hilo. Namwamini. Aliyeko ndani ya uzio ni nadra kuuona.

(Kwa wanaodhani mambo haya hayatuhusu: mwaka 1959 na 1960 msafara wa treila za Airstream, kama 41 hivi, ulivuka bara letu kutoka Cape Town hadi Cairo ukiongozwa na mwenye kiwanda, Wally Byam. Ethiopia walikutana na Mfalme Haile Selassie. Watalii wa treila wakila karamu na mfalme mweusi, wakati kwao Florida mweusi angefukuzwa ufukweni. Ningependa kujua walizungumza nini.)

Leo vita imehamia kwenye bei. Kuna mji unaitwa Briny Breezes, pwani ya Atlantiki, ambao wote ni viwanja vya treila. Ulianza kama shamba la mwenye ardhi aliyewaruhusu wasafiri wa majira ya baridi kuegesha. Mwaka 1958 wakazi walichanga wakalinunua, na mwaka 1963 wakasajiliwa kuwa mji kamili. Januari 2007 walipiga kura kuuza kila kitu kwa mjenzi wa majumba kwa dola milioni 510. Wastaafu wa treila karibu wote wangeamka mamilionea! Mwaka huohuo mpango ukavunjika, wakarudi kwenye viti vyao vya turubai.

Red Coconut haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa kambi ya magari ya kulala Fort Myers Beach, mchangani kabisa, watu wamerudi pale vizazi na vizazi. Septemba 28, 2022 kimbunga Ian kiliifagia. Mwaka 2023 ardhi ikauzwa kwa kampuni ya ujenzi, zaidi ya dola milioni 50. Jirani yetu alikuwa akikaa huko. Ndiyo maana sasa yuko hapa, mbali kidogo na maji, na analipa zaidi.

Siku ya kuondoka tulipitia De Soto Park. Ni bustani ya mji kando ya ghuba, miti, nyasi, wavuvi wawili na ndoo yao. Nilitafuta chochote cha makopo, sikukiona. Mjomba alinunua soda, tukanywa tumesimama, akaniambia nisitupe kopo lake. Amelifunga kwa waya mbele ya gari la kukodi. Tuliporudisha gari, kijana wa mapokezi alilikata akalitia kwenye pipa, akatuuliza kama tumesahau kitu kingine ndani.