Jinsi Santuri za Hip Hop Zilivyofika Uingereza

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake na kuishika kwa mkono wake. Lakini kitu chema kilicho ng'ambo ya bahari, ambacho hakuna aliyekiona wala kukisikia, kitajiuzaje? Hakina miguu. Lazima apatikane mchukuzi wa kukibeba, na mchukuzi huyo lazima alipe gharama ya safari. Jambo hili laonekana wazi katika historia ya muziki uitwao hip hop, na ndugu yake aitwaye elektro, jinsi ulivyotoka New York katika Marekani ukawafikia vijana wa Uingereza kati ya mwaka 1979 na 1986. Leo muziki huo wasikika karibu dunia nzima, hata watu hudhani kwamba ulienea wenyewe kama upepo. Haikuwa hivyo.

Kwanza yafaa tujue muziki wenyewe ni upi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika nyumba namba 1520 ya barabara ya Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, msichana mmoja, Cindy Campbell, alifanya karamu ya dansi. Kaka yake Clive, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyekuwa mpiga santuri. Kijana huyu alizaliwa Kingston katika kisiwa cha Jamaika. Alikuwa ametambua kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi akawa akitumia santuri mbili zilizo sawa: sehemu ile ya ngoma ikiisha katika ya kwanza, aianzisha katika ya pili, hata kipande kifupi kikawa kirefu kama apendavyo. Juu ya ngoma hiyo vijana wakaghani maneno yenye vina, wakijisifu na kushindana, karibu kama malenga wetu wanavyolumbana. Huo ndio mwanzo wa hip hop.

Elektro ilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na wenzake wa Soulsonic Force, pamoja na mtayarishaji Arthur Baker na mpiga kinanda John Robie, walitoa santuri iitwayo "Planet Rock". Walifuata sauti za kundi la Kraftwerk la mji wa Düsseldorf, Ujerumani, na mapigo yao waliyapata katika mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotengenezwa na Wajapani. Tazama basi, msomaji: sauti ya Ujerumani, chombo cha Japani, na werevu wa vijana weusi wa New York, vyote katika santuri moja.

Njia ya kutoka Marekani hadi Uingereza ilikuwa imekwisha kukanyagwa zamani. Katika miaka ya 1950 mabaharia wa Liverpool waliofanya kazi katika meli za kampuni ya Cunard walirudi kutoka New York na nguo za kisasa na santuri mpya, hata wenyeji wakawapa jina la utani, Wamarekani wa Cunard. Tena, katika ukumbi wa Wigan Casino, kuanzia mwaka 1973 hadi 1981, vijana wa kaskazini walikesha wakicheza santuri za soul ambazo hata kwao Marekani zilikuwa zimesahauliwa. Kwa hiyo wafanyabiashara walijua namna ya kuagiza santuri kutoka ng'ambo, na vijana walijua namna ya kuzitafuta. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury mwaka 1948, watu wengi wa visiwa vya Karibi walihamia Uingereza, na pamoja nao ikaja desturi ya vipaza sauti vikubwa na mtu wa kusema maneno juu ya muziki. Watoto wao waliposikia hip hop hawakuona ni kitu kigeni kabisa. Ilikuwa kama sauti ya binamu aliyehamia mji mwingine.

Lakini milango mikubwa ilikuwa haijafunguliwa vizuri. Redio ya taifa ilikuwa na kituo kimoja tu kilichowekwa hasa kwa muziki wa vijana, yaani Radio 1 ya BBC, kilichoanza mwaka 1967; na hadi mwaka 1988 yalikuwako makubaliano yaliyoweka mpaka wa saa za kupiga santuri redioni. Ni kweli kwamba santuri ya "Rapper's Delight" ya kundi la Sugarhill Gang ilipanda hadi nafasi ya 3 katika orodha ya mauzo ya Uingereza mwezi wa Desemba 1979. Ni kweli pia kwamba "The Message" ya Grandmaster Flash na wenzake, iliyoeleza taabu za maskini wa mjini, ilifika nafasi ya 8 mwaka 1982. Lakini "Planet Rock", ambayo leo yatajwa kuwa mama wa elektro, haikupita nafasi ya 53. Mtu aliyengoja redio ya taifa imletee muziki huu angepata tone moja moja tu. Mto wenyewe ulipita kwingine, mikononi mwa wachukuzi wadogo, nasi tutawatazama mmoja mmoja.

Mchukuzi wa kwanza ni mwenye duka. Huko Soho, London, lilikuwako duka la Groove Records, na Manchester duka la Spin Inn. Maduka ya namna hii yaliagiza santuri za inchi 12 moja kwa moja kutoka Marekani, nazo zilifika miezi mingi kabla ya kampuni yoyote ya Uingereza kufikiri kuzichapa. Nakala zilikuwa chache, na bei ilikuwa kali: santuri moja yenye wimbo mmoja iliweza kukaribia bei ya albamu nzima. Mwenye duka alijitia hatarini, kwa maana santuri isiyopendwa ingebaki rafuni mwake. Magazeti nayo yalimsaidia, kama Blues & Soul, na Record Mirror ambamo James Hamilton aliandika habari za santuri mpya, hata akahesabu mapigo ya kila moja kwa dakika.

Mchukuzi wa pili ni mpiga santuri wa ukumbini. Kijana asiye na fedha za kununua santuri aliweza kulipa kiingilio na kuzisikia usiku kucha. Mashuhuri katika kazi hii alikuwa Greg Wilson, aliyepiga santuri siku za Jumatano katika ukumbi wa Legend, Manchester, na pia katika Wigan Pier. Wasikilizaji wake pale Legend wengi wao walikuwa vijana weusi. Yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Mwaka 1981 palizuka ghasia Brixton katika London, Toxteth katika Liverpool, na Moss Side katika Manchester. Na Januari 1982 hesabu ya watu wasio na kazi Uingereza ilipita milioni 3. Kwa kijana aliyetoka mtaa wenye dhiki kama hiyo, santuri iliyotengenezwa na maskini wenzake wa Bronx haikuwa anasa tu. Ilimwambia kwamba mtu asiye na kitu aweza kuumba kitu.

Hata hivyo si wote waliofurahi. Baadhi ya wapenzi wa soul na jazi walilalamika kwamba elektro ni kelele za mashine zisizo na roho, na kwamba anayezipiga anaharibu muziki wa watu weusi. Wilson hakurudi nyuma. Mwaka 1982 alianza kutayarisha maunganisho ya santuri kwa kipindi cha Mike Shaft katika Piccadilly Radio ya Manchester, na vijana wengi wakawa wakingoja nyumbani na mashine zao za kaseti tayari kunasa kila kitu. Mwaka 1983 alionyesha ufundi wa kuunganisha santuri katika kipindi cha televisheni kiitwacho The Tube.

Televisheni ilifanya kazi ambayo santuri peke yake isingeweza, kwa sababu iliwaonyesha watu mwendo. Malcolm McLaren, mtu wa London aliyekuwa ameshuhudia karamu za Bambaataa huko New York, alitoa "Buffalo Gals" mwishoni mwa mwaka 1982, nayo ikafika nafasi ya 9. Katika picha zake vijana wa Rock Steady Crew walionekana wakizunguka chini kwa mabega na migongo, dansi iitwayo breki-dansi. Mwaka uliofuata, santuri yao wenyewe ilifika nafasi ya 6. Muda si mrefu, katika uwanja wa Covent Garden, London, na katika miji mingine, vijana walitandika vipande vya linoleamu barabarani wakajifunza kuzunguka hivyo hivyo.

Mchukuzi wa tatu ni mkusanyaji, naye ni Morgan Khan. Kampuni yake, Street Sounds, ilifanya jambo rahisi lenye matokeo makubwa. Ilinunua haki ya nyimbo za makampuni madogo ya Marekani, ikazikusanya katika albamu moja, na Herbie Laidley wa kundi la Mastermind akaziunganisha ili zifuatane bila kukatika. Albamu ya kwanza, Street Sounds Electro 1, ilitoka mwaka 1983. Sasa mtoto wa kijiji cha wachimba makaa, aliye mbali na Soho na mbali na Manchester, aliweza kupata katika albamu moja nyimbo ambazo, kama angezinunua mojamoja kutoka ng'ambo, zingemgharimu mara nyingi zaidi. Mfululizo huo ulipita albamu 20, na nyingi ziliingia katika orodha ya mauzo. Hatimaye, tarehe 19 Julai 1986, Street Sounds iliwakusanya katika ukumbi wa Wembley Arena wasanii waliokuwa wakisikika katika santuri tu, kama Afrika Bambaataa, Grandmaster Flash, Mantronix na Roxanne Shanté, katika tamasha lililoitwa UK Fresh 86.

Mchukuzi wa nne alivunja sheria, nasi hatuna budi kumtaja. Sheria ya mwaka 1949 ilikataza kutangaza redioni bila leseni, na ile ya mwaka 1984 iliwapa wakuu nguvu zaidi ya kunyang'anya mitambo. Juu ya hayo, vijana walipanda juu ya majengo marefu ya London, wakasimamisha milingoti, wakapiga muziki ambao redio zenye leseni ziliuacha. Watu wakaviita vituo vya maharamia. Kimoja, Kiss FM, kilianza mwaka 1985 bila ruhusa. Mwaka 1990 kikarudi hewani kikiwa na leseni halali. Yaani kituo kilichowindwa na serikali kilikuja kupewa hati na serikali hiyo hiyo, baada ya kuonekana kwamba wasikilizaji wapo kweli.

Mchukuzi wa tano na wa mwisho ni mtoto mwenye kaseti. Alinasa kipindi cha redio, akamnakilia rafiki, rafiki akamnakilia ndugu yake wa mji mwingine. Mwaka 1981 chama cha makampuni ya santuri kilianza kutangaza kwamba kunakili nyumbani kunaua muziki. Makampuni yakaishtaki Amstrad, iliyouza mashine yenye milango miwili ya kaseti. Lakini mwaka 1988 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa siku zile, liliamua kwamba kuuza mashine si sawa na kumruhusu mtu kuvunja haki ya mwingine. Kunakili bila ruhusa kulibaki kuwa kosa.

Hapa pana jambo la kupimwa kwa haki. Aliyetunga wimbo amefanya kazi, na mfanyakazi astahili ujira wake. Kaseti iliyonakiliwa haikumpa hata senti. Kwa upande mwingine, mtoto yule hakuwa na bei ya santuri, na duka lilikuwa mbali naye. Kama asingepata kaseti, mtunzi asingepata fedha wala msikilizaji. Morgan Khan alionyesha njia iliyo bora kuliko zote mbili: kununua haki, kupunguza bei, na kupeleka bidhaa mpaka aliko mnunuzi. Pale mlango halali ulipofunguliwa kwa bei ya maskini, maskini walipita humo kwa wingi. Makampuni makubwa yangaliweza kufanya vivyo hivyo mapema, lakini hayakufanya.

Matunda ya safari hii yalionekana upesi. Huko Bristol, vijana wa kundi la Wild Bunch waliokuwa wakipiga santuri hizi katika karamu walizaa kundi la Massive Attack, lililotoa albamu ya Blue Lines mwaka 1991. Huko London, kundi la London Posse liliacha kuiga matamshi ya New York, likaghani kwa lafudhi ya mitaa yao. Mgeni aliyebebwa kwa shida alikuwa amekuwa mwenyeji mwenye nyumba.

Basi twaweza kuirudia methali yetu. Chema chajiuza, lakini kwanza sharti kifike sokoni. Na katika habari hii kilifikishwa na mwenye duka aliyebahatisha fedha zake, mpiga santuri aliyevumilia lawama, na mtoto aliyekaa macho usiku kidole chake kikiwa juu ya kitufe. Tunapousifu wimbo tuwakumbuke waliougharimia njiani. Na kama iko kazi njema kwetu isiyosikika bado, tusiulize kwa nini haijiuzi, tuulize ni nani ataibeba.