Bloku ya kumbukumbu (seva za IBM Power)

Bloku ya kumbukumbu ni kipimo kidogo kabisa ambacho seva za IBM Power hutumia kugawa kumbukumbu kwa sehemu pepe, yaani vipande vya mashine moja ambavyo kila kimoja huendesha mfumo endeshi wake kana kwamba ni kompyuta kamili. Ukubwa wake, kwa mfano megabaiti 16, 64 au 256, huanza kutumika baada tu ya seva nzima kuzimwa na kuwashwa upya, hivyo ni busara kuuamua mapema. Kwa bloku za 256, sehemu pepe haiwezi kuongezewa megabaiti 100 pekee. Kwa bloku za 16 ugawaji huwa makini zaidi, lakini kuhamisha gigabaiti moja hudai bloku 64 badala ya 4, na kazi huchelewa.