Kisu cha Kukunja: Habari za Makali na Usafi Wake

Wewe unayesoma kitabu hiki, huenda nyumbani kwenu kiko kisu cha kukunja, kile ambacho wengine hukiita kijembe. Sisemi kwamba kiko mfukoni mwako sasa, maana kanuni za shule hazikuruhusu, nami ni mwalimu. Lakini wakati wa likizo, uendapo malishoni au shambani, kisu hicho hukufuata kama kivuli. Asubuhi chakata kamba ya ndama. Saa nne chamenya muwa. Adhuhuri chapasua papai. Na jioni, wageni wakija, chatumiwa kumpasua kuku. Katikati ya kazi hizo nne kilisafishwa mara ngapi? Nadhani unajua jibu: kilipanguswa kwenye suruali, kikakunjwa, kikarudi mfukoni.

Nataka tuangalie pamoja jinsi wanadamu walivyokuja kutambua kwamba kisu kinachong'aa si lazima kiwe kisafi. Utambuzi huo ni wa juzi tu. Watu wametumia visu vya chuma kwa zaidi ya miaka 2,000, lakini sababu ya kuviosha kwa ajili ya afya ina miaka 150 hivi tu tangu ithibitishwe.

Tuanze karibu na kwetu. Ukitoka Kakamega ukaelekea magharibi, ukapita Mumias na kukaribia mpaka wa Uganda, utavikuta vilima vya Samia. Katika ardhi ya huko yamo mawe yenye chuma, na wahunzi wa Samia walisifika katika nchi yote ya Waluyia na ya Wajaluo kabla reli haijafika. Ufundi wa chuma pande hizi za Ziwa Viktoria ni wa zamani mno. Wachimbuzi wa mambo ya kale huufuatia kwa vipande vya vyungu viitwavyo vya Urewe, kwa jina la mahali palipo huko Nyanza. Mhunzi alichoma kuni akapata makaa, akayapanga pamoja na mawe ya chuma katika tanuri ya udongo, na vijana wakavuta mivukuto mpaka moto ukawa mweupe. Kilichotoka hakikuwa chuma kilichoyeyuka kama maji, bali donge lililojaa takataka, ambalo lilipaswa kupigwa na kupigwa tena hata takataka zikatoka. Kwa donge hilo alifua majembe, vichwa vya mikuki, na visu. Jembe la Samia lilikuwa mali hasa, hata liliweza kutolewa katika mahari. Basi kisu nacho hakikuwa kitu cha kuchezea. Mwenye kisu alikitunza kama unavyotunza baiskeli.

Alikitunzaje? Adui aliyemjua ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja hushika kutu, na kisu chenye kutu hupoteza makali. Kwa hiyo kisu kilisuguliwa kwa mchanga mwembamba au majivu, au kwa majani makavu ya msasa, ule mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. (Hata karatasi ya kusugulia mbao unayoinunua dukani leo imerithi jina la mti huo.) Kisha kilikaushwa na kupakwa mafuta kidogo. Usiyacheke majivu hayo. Majivu ya kuni yana magadi, na magadi yakikutana na mafuta hufanya kazi iliyo jirani na ile ya sabuni. Mama wa Kiluyia anayechuja majivu ya maganda ya maharagwe ili apate omusherekha wa kulainishia mboga anatumia magadi hayohayo. Wazee waliyatumia majivu ili kuondoa kutu na harufu ya shombo, na bila kujua waliondoa pia sehemu kubwa ya mafuta ambayo ndani yake vijidudu hujificha.

Kisu cha kukunja si uzushi wa Waluyia, wala si cha juzi huko Ulaya. Huko Hallstatt, katika Austria, kimepatikana kisu cha namna hiyo ambacho umri wake wakadiriwa kuwa miaka 2,500 hivi, na Warumi walikuwa navyo pia. Katika zama za karibu zaidi mji wa Sheffield, Uingereza, ndio uliovitengeneza kwa wingi, vingine vikiwa vidogo vya kuchongea kalamu za manyoya ya ndege. Katika nchi hii bidhaa za ng'ambo zilitangulia kuja kwa migongo ya wapagazi. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilipumzika katika mji wa Nabongo Mumia, na Joseph Thomson alipopita huko mwaka wa 1883 alikuta njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka wa 1901 reli ikafika Kisumu, na baada ya hapo visu vya viwandani vikawa vitu vya kawaida madukani. Habari za dhahabu iliyoonekana Kakamega mwaka wa 1931, na za mamia ya Wazungu waliokimbilia huko na mahema yao, nitaziacha, maana zastahili insha yake. Itoshe kusema kwamba kwa mtu wa kambini kisu cha kukunja ni jiko zima.

Faida ya kisu hicho yaonekana mara moja: hakihitaji ala, kwa sababu kipini chake ndicho ala. Lakini hapo hapo ndipo penye hila yake. Kisu cha Samia kilikuwa na ubapa mtupu, na uchafu wake ulikaa nje ambapo jicho laweza kuuona. Kisu cha kukunja kina mwanya ndani ya kipini, kina kiungo, na aghalabu kina kamani ya kukizuia kisilegee. Maji ya nyama na utomvu wa tunda huteremka kwenye ubapa, huingia katika mwanya huo, na kukaa humo gizani, penye unyevu na joto la mwili wa mwenyewe. Lau ungeambiwa utengeneze nyumba ya kulea vijidudu, usingetengeneza bora kuliko hiyo.

Sasa twende Ulaya katika karne ya 19. Katika nyumba za matajiri wa Uingereza alikuwako mtumishi, mara nyingi mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa kusugua visu vya mezani kwa unga wa matofali juu ya ubao, kwa kuwa ndimu na siki ziliufanya ubapa kuwa mweusi. Fundi mmoja, George Kent, aliuza mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyofanya kazi hiyo. Lakini shabaha ya jasho lote hilo ilikuwa nini? Kung'aa! Watu wengi wakati huo walidhani kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya inukayo, na hapakuwa na aliyeogopa kisu chenye kumetameta.

Mmoja wa waliolivunja wazo hilo kwa ushahidi ni daktari wa Kijerumani, Robert Koch. Mwaka wa 1876 alionyesha kwamba kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na kondoo, husababishwa na kijidudu kimoja maalumu, na kwamba kijidudu hicho huweza kujifunga katika mbegu ngumu na kukaa udongoni muda mrefu sana. Wewe wa Kakamega usidhani kimeta ni habari ya vitabuni. Ng'ombe akifa ghafla, jirani hukusanyika na visu vyao, kwa kuwa nyama ni nyama. Lakini kama amekufa kwa kimeta, mwenye kumchuna aweza kupata kidonda cheusi mkononi, mwenye kumla aweza kufa, na mbegu za kijidudu hicho hubaki kwenye kisu na katika ardhi pale damu ilipomwagika. Mbegu hizo haziondolewi kwa kuoshwa na maji. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi hata kidogo. Huitwa bwana mifugo.

Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1888, jambo jingine lilitokea katika mji mdogo wa Frankenhausen, Ujerumani. Ng'ombe mgonjwa alichinjwa, nyama yake ikauzwa, na watu zaidi ya 50 wakaugua kuhara na kutapika. Kijana mmoja aliyekula nyama hiyo mbichi akafa. Daktari August Gärtner alikipata kijidudu kilekile katika nyama ya ng'ombe na katika mwili wa marehemu. Leo kijidudu hicho kinahesabiwa katika jamii iitwayo salmonela, na makao yake apendayo sana ni matumbo ya wanyama, wakiwamo kuku. Sasa mkumbuke kuku wetu wa jioni. Nyama yake itaingia chunguni, itachemka, na vijidudu vitakufa. Lakini kisu kilichompasua, je, kilichemshwa? Kisu kile kikipitia nyanya na vitunguu vya kachumbari bila kuoshwa, vijidudu vilivyokimbia chungu vitawafikia walaji kwa njia ya sahani.

Mwaka wa 1913, huko Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha pua cha mitutu ya bunduki ambacho hakitaliwa upesi na joto. Alipochanganya chuma na kromiamu karibu sehemu 13 katika 100, aliona kwamba tindikali hazikukiathiri kama chuma kingine. Akakijaribu kwa siki na maji ya limau, akatambua kwamba amepata feleji ya visu. Mwanzoni alidhihakiwa kuwa ni mvumbuzi wa visu visivyokata, maana mafundi hawakuwa wamejua kuvipa makali. Huko Uswisi, kiwanda cha Karl Elsener, kilichoanza kuwapa askari wa nchi hiyo kisu cha kukunja mwaka wa 1891, kilijipatia mwaka wa 1921 jina la Victorinox: Victoria kwa ajili ya mama yake mwenye kiwanda, na mwisho wake kutokana na neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu.

Kwa maoni yangu feleji hii, pamoja na uzuri wake wote, imetufanya wavivu. Kisu cha zamani kilijishtaki chenyewe: ukikata nanasi ukasahau kukipangusa, kesho ulikikuta cheusi. Kisu cha leo hukaa kimya. Kromiamu huzuia kutu. Haiui vijidudu vya kuhara.

Mtazame muuza miwa pale stendi, au kando ya barabara ya Mumias, ambako kiwanda cha sukari kilianza kazi mwaka wa 1973. Ana kisu kikali na ndoo ya maji. Kila mteja akija, kisu huchovywa ndooni, muwa humenywa, kisu hurudi ndooni. Na kufikia saa nane maji yale yamekuwa na rangi ya chai. Muwa hauchemshwi, wala papai, wala nanasi. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka wa 1971 na kimerudi mara nyingi tangu hapo, nacho hupenda sana maji ya namna hiyo. Mimi hununua muwa mzima nikaumenye nyumbani, na wauzaji wamenizoea.

Na hicho kisu chako cha kukunja kioshwe hivi. Kwanza kifungue chote, maana wengi huosha ubapa wakaacha mwanya. Tia maji ya moto na sabuni. Sugua mwanya na kiungo kwa mswaki mkuukuu, au kijiti kilichofungwa kitambaa. Suuza kwa maji yanayotiririka, si ya ndoo iliyotumika. Ikiwa kilikata nyama mbichi, kimiminie maji yanayochemka, lakini kama kipini ni cha pembe au mti usikiloweke, kisije kikapasuka. Kikung'ute, kipanguse kwa kitambaa safi, kisha kiache wazi juani mpaka kiungo kikauke kabisa. Kisu kinachokunjwa kikiwa na maji hushika kutu ndani na kunuka. Kikiwa kizito kufunguka, tia tone moja la mafuta ya kupikia kwenye kiungo. Usitie mafuta ya pikipiki, kama nionavyo wengine wakifanya, kwa kuwa kesho kisu hicho kitakata papai.