John Locke: Mwanafalsafa na Karani



Tulipokuwa kidato cha tano tulimkariri John Locke kwa ajili ya mtihani: binadamu wote huzaliwa huru na sawa, na serikali hupata uwezo wake kwa ridhaa ya raia. Hatukuambiwa kwamba mzee huyo alikuwa pia mtu wa ofisi na mafaili, kama mimi leo.

Mwaka 1669 Locke alikuwa katibu wa mabwana wa Kiingereza waliopewa na Mfalme Charles II koloni la Carolina, Amerika ya Kaskazini. Mwaka huo ikaandikwa katiba ya koloni hilo. Wanahistoria wanabishana ni vifungu vipi vilivyo vyake, ila kwamba alishiriki hapana shaka. Kifungu kimoja chatamka kwamba kila mtu huru wa Carolina atakuwa na mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi, wawe wa dini yoyote ile. Maana yake, hata ubatizo haukumwokoa mtumwa. Baadaye Locke alinunua hisa katika Royal African Company, kampuni iliyopata hati ya mfalme mwaka 1672 na kuuza Waafrika ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1683 alikimbilia Uholanzi. Alirejea mwaka 1689, Mfalme James II alipokwisha ondolewa, akachapisha Two Treatises of Government bila kutia jina lake. Kitabu hicho kinaanza kwa kuulaani utumwa. Lakini utumwa alioukusudia ni wa Mwingereza chini ya mfalme asiyezuiliwa na sheria. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Je, tuyatupe mafundisho yake? La, hasha. Hoja ya ridhaa ya raia ni silaha njema hata mikononi mwa wale ambao yeye hakuwafikiria. Ila tusimhukumu Locke kana kwamba sisi tu wasafi. Mwaka mmoja niliandika waraka wa kuwahamisha wachuuzi wa soko fulani. Ulikuwa na mistari minne, Kiswahili safi, na mkubwa wangu aliusifu. Sikwenda sokoni hata siku moja. Kalamu huwa nyepesi sana pale atakayeumia hayumo chumbani.

Basi, wadogo zangu, mtakapowasoma wakubwa wa fikra, someni vitabu vyao, kisha mwulize mafaili yao yalisemaje. Na siku mtakapokabidhiwa mafaili yenu, mjiulize hivyo hivyo.