Kabaka Yekka: chama kilichoshinda nyumbani kikapoteza nchi

Wandugu, wengi wetu tunapitaga Mengo tukitoka Nsambya ama Katwe kwenda kutafuta maisha. Tunaona Bulange, nyumba ya Lukiiko, yaani bunge la Buganda, na ile barabara iliyonyooka mpaka Lubiri, kasri la Kabaka. Leo tunaleta historia ya chama kilichozaliwa katika siasa za kilima hicho. Tuna sababu: mwezi huu tunachagua kamati ya kikundi chetu, na tayari tunasikia watu wakisema, "Tumpigie mtu wa kwetu tu."

Turudi mwaka 1961. Waingereza wanajiandaa kuondoka, na Uganda inafanya uchaguzi mwezi wa tatu. Mengo inawaambia Baganda wasipige kura, kwa hofu kwamba Buganda itamezwa na serikali moja ya nchi nzima. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1953 gavana Mwingereza alimkamata Kabaka Mutesa II akampeleka uhamishoni Uingereza, na alirudi tu mwaka 1955. Hayo yalikuwa hayajasahaulika.

Lakini kususia kuna bei yake. Chama cha DP cha Benedicto Kiwanuka kilichukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa kura chache sana. UPC ya Milton Obote ilipata kura nyingi zaidi nchi nzima, lakini DP ilipata viti vingi zaidi, na Kiwanuka ndiye akaongoza serikali. Yeye mwenyewe alikuwa Muganda, ila Mkatoliki, na Mengo ilikuwa mikononi mwa Waprotestanti. Watu wa Mengo wakauliza: raia wa kawaida atakaaje juu ya Kabaka?

Ndipo katikati ya mwaka 1961 kikatokea Kabaka Yekka, maana yake "Kabaka peke yake". Ujumbe wake wote ulikuwa ndani ya jina. Na ulifanya kazi! Uchaguzi wa Lukiiko wa tarehe 22 Februari 1962, KY ilichukua viti 65 kati ya 68. Kwa makubaliano ya London, Lukiiko ndiyo ilichagua wabunge wa Buganda, kwa hiyo viti vyote 21 vikaenda KY.

Sasa tuangalie hesabu ya bunge la nchi, Aprili 1962: UPC 37, DP 24, KY 21. Hakuna aliyefika nusu peke yake. KY, ambayo haikuwa na kitu cha kuwaambia watu wa Lango, Ankole wala Bugisu, ikaungana na Obote ili kumtoa Kiwanuka. Uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962 Obote akiwa waziri mkuu, na mwaka 1963 Mutesa akawa rais.

Sisi tuliotoka Kongo tunaijua sura hii. ABAKO ilikuwa chama cha Wakongo wa magharibi, na kiongozi wake Kasa-Vubu akawa rais huku Lumumba akiwa waziri mkuu. Miezi michache tu, wakafukuzana.

Uganda nayo ilifika huko. Mwaka 1964 UPC ilikuwa imeshapata wabunge wa kutosha, muungano ukavunjika. Novemba mwaka huohuo watu wa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ambayo Waingereza waliwapa Buganda, wakapiga kura kurudi Bunyoro. Rais wa nchi nzima na Kabaka wa Buganda walikuwa mtu mmoja: angemfurahisha nani? Wabunge wengi wa KY wakahamia UPC. Mei 1966 Lukiiko ikaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda. Tarehe 24 jeshi chini ya Idi Amin likavamia Lubiri. Mutesa akakimbia, akafia London mwaka 1969. Kabaka naye alikufa mkimbizi, kama ambavyo sisi tunaogopa kufa.

Falme zilifutwa mwaka 1967, na zilirudi mwaka 1993. KY haikurudi. Leo katiba inawakataza viongozi wa kimila kuingia siasa za vyama.

Hatusemi Baganda walikosea kumpenda Kabaka wao. Mtu aliyenyang'anywa kwao, kama sisi, anajua uzito wa kitu hicho. Tunachosema ni hiki: kura za nyumbani zilijaa kikapu, lakini hazikuwapa rafiki hata mmoja nje ya nyumba. Rafiki wa kukodi alipomaliza shida yake, aliondoka.

Kikundi chetu kina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasudani Kusini. Wakongo ni wengi, wanaweza kushinda viti vyote bila jasho. Halafu siku mwenye nyumba anamtupia dada Mrundi vitu nje, nani ataenda kusimama naye? Mgombea atuambie hilo kwanza, kabla hajatuambia anatoka wapi.