Historia ya Kupima Shughuli za Mwili: Dodoso na Kifaa

Upimaji wa shughuli za mwili kwa watu wazima ulianza bila dodoso wala kifaa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alishinda ameketi. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi, na ugonjwa wa moyo ulimpata kwa nadra kuliko mwenzake. Kipimo kilikuwa kazi yenyewe, hivyo maisha ya mtu baada ya zamu hayakuhesabiwa.

Pengo hilo lilizibwa kwa maswali. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1960, Ralph Paffenbarger aliwauliza wahitimu wa Harvard ngazi walizopanda, umbali waliotembea na michezo waliyocheza. Watafiti wengine wakatunga maswali yao, na takwimu za nchi na nchi hazikulinganika. Kwa sababu hiyo wataalamu walikutana Geneva mwaka 1998 na kuandaa dodoso la kimataifa, IPAQ, lililojaribiwa katika nchi 12. Shirika la Afya Duniani nalo likatunga GPAQ, linalouliza kuhusu kazi, safari na mapumziko. Mgawanyo huo una uzito mkubwa Afrika Mashariki: anayelima kwa jembe la mkono huenda asitaje zoezi hata moja, ilhali mwili wake umefanya kazi tangu alfajiri.

Vifaa vilikuwa na njia yao. Japani ilianza kuuza kihesabu hatua cha kampuni ya Yamasa mwaka 1965, na lengo la hatua 10,000 lilienea kutokana na biashara hiyo kabla ya utafiti kulithibitisha. Mshtuko ulitoka Marekani, ambako washiriki wa uchunguzi wa afya wa taifa wa 2003–2004 walivalishwa akselerometa, kifaa kinachonasa mwendo wa mwili, kiunoni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa watu wazima waliofikia kiwango kilichopendekezwa hawakutimia asilimia 5, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na majibu ya madodoso.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kifaa kilisema kweli yote. Akselerometa ya kiunoni hainasi vizuri uendeshaji wa baiskeli, wala haitambui uzito wa ndoo ya maji kichwani. Haijui pia kama mtu alitembea kwa starehe au kwa kukosa nauli. Hilo hujulikana kwa kuulizwa.

Tofauti za njia hizi mbili zimegusa hata miongozo. Kwa miaka mingi ilihesabiwa tu shughuli iliyodumu angalau dakika 10 mfululizo, muda ambao mtu anaweza kuukumbuka anapoulizwa. Vifaa vilinasa pia vipande vifupi, na tafiti zikaonyesha kuwa navyo vina manufaa kwa afya. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti hilo katika mwongozo wake mpya.